Erosoli katika modeli za tabianchi: zihesabiwe hatua kwa hatua, au modeli ipewe ramani?

Mtoa hoja:
Modeli hupata erosoli, yaani chembe ndogo zinazoelea hewani, kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupewa ramani tayari: mahali hapa, mwezi huu, chembe ni kiasi hiki. Modeli ya Kijerumani MPI-ESM1.2 ilifanya hivyo kwa ramani iitwayo MACv2-SP, ambamo moshi wote wa binadamu umechorwa kama mafusho tisa tu, kila moja na kitovu chake. Ya pili ni kuhesabu kila kitu: dioksidi ya salfa inageuka salfeti, chembe zinazaliwa, zinashikana, zinanenepa, kisha mvua inaziosha. Mfumo wa kuhesabu uitwao MAM3 unabebesha modeli vigeu 15 vya ziada katika kila kisanduku cha hewa. MAM7 unabebesha 31. Gharama yote hiyo imetupa nini? Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, ilikadiria kuwa erosoli zinapoza kwa wati 1.1 kwa mita ya mraba, na ukweli unaweza kuwa popote kati ya 0.4 na 1.7. Pengo hilo peke yake linazidi nusu ya nguvu ya kaboni dioksidi ya kupasha joto, ambayo ni wati 2.16. Kwa kazi nyingi ramani inatosha.

Mchangiaji wa pili:
Ndugu mtoa hoja, hapo sikubaliani nawe. Ramani haijui upepo wala mvua ya leo. Katika kanuni inayotumika sana, chumvi inayorushwa na bahari hupanda kwa kasi ya upepo yenye kipeo cha 3.41, kwa hiyo upepo ukiongezeka maradufu chumvi inapanda zaidi ya mara kumi. Kwenye ramani, dhoruba inapita na chumvi iko vilevile. Vumbi nalo haliondoki ardhini mpaka upepo uvuke kiwango fulani, na kiwango hicho hubadilika udongo ukilowa. Halafu kuna meli: Januari 1, 2020 kikomo cha salfa katika mafuta yake kilishuka kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Modeli yenye ramani ya zamani haikuona chochote.

Mchangiaji wa tatu:
Wenzangu, mnabishania chumba ambacho hakivuji. Sehemu kubwa ya shaka iko kwenye mawingu, baada ya chembe kuhesabiwa.

Fuateni njia ya chembe hadi kuwa tone la wingu. Kisanduku kina upana wa kilomita 100 hivi, ilhali hewa inayopanda na kuzaa matone ina upana wa mita mia chache. Kasi yake basi inakisiwa, na ikitoka ndogo mno inawekewa sakafu, yaani kiwango ambacho hairuhusiwi kushuka chini yake. Katika modeli ya CAM5 ni mita 0.2 kwa sekunde. Idadi ya matone nayo ina sakafu yake: modeli ya ECHAM imewahi kuendeshwa na sakafu ya matone 40 kwa sentimita ya ujazo, na pia na 10. Hewa ya kabla ya viwanda ilikuwa safi, kwa hiyo sakafu ya 40 inaipandisha hewa hiyo lakini haiigusi hewa chafu ya sasa. Tofauti kati ya zama hizo mbili inapungua, na upozaji wa erosoli unadhoofika, bila mtu kugusa hata chembe moja ya salfeti.

Halafu mvua. Kanuni ya Khairoutdinov na Kogan ya mwaka 2000, inayokadiria kasi ya matone ya wingu kugeuka mvua, inaipa idadi ya matone kipeo cha −1.79. Matone yakiongezeka maradufu, kasi ya kugeuka mvua inabaki asilimia 29 hivi, na wingu linajaa maji. Lakini volkano ya Holuhraun, Iceland, ilipotoa salfa nyingi mwaka 2014 hadi 2015, setilaiti zilionyesha matone yamekuwa madogo na kiasi cha maji ya wingu hakikubadilika sana. Matone madogo hukauka upesi hewa kavu inapoingia juu ya wingu, na njia hiyo ni dhaifu au haimo kabisa katika modeli nyingi.

Mtoa hoja:
Hiyo si inaniunga mkono? Tuache kuhesabu chembe, tushughulikie mawingu.

Mchangiaji wa pili:
Hapana. Wingu linauliza idadi na ukubwa wa chembe, na ramani ya uzito haijibu. Hata mifumo ya kuhesabu ina kasoro: mfumo wa M7 umefungia upana wa makundi ya chembe ndogo, yaani jinsi ukubwa wa chembe unavyotawanyika ndani ya kundi, kwenye 1.59, na ya chembe kubwa kwenye 2.0. Mvua haioshi kila ukubwa kwa kiwango sawa, ila upana huo hautetereki.

Mchangiaji wa tatu:
Basi tudai jambo moja. Kila kundi liendeshe modeli mara mbili kwa pepo zilezile, mara moja na moshi wa 1850, mara ya pili na wa sasa, kisha lirudie bila sakafu ya matone na kutangaza namba zote. Toleo la kwanza la modeli ya E3SM lilitoka na upozaji wa erosoli wa wati 1.65 na ongezeko la joto la nyuzi 5.3 kwa kaboni dioksidi maradufu, na miongo ya mwisho ya karne ya 20 ikawa baridi kupita kiasi. Bila namba za sakafu, msomaji hawezi kujua kosa kama hilo limeanzia wapi.

Mchangiaji wa pili:
Nakubali, ila msiiondoe sakafu ya matone kwa mkupuo. Matone yakikaribia sifuri, kipeo hicho cha −1.79 kinalipuka na wingu lote linanyesha kwa hatua moja ya muda. Shusheni kutoka 40 hadi 20, kisha 10, kisha 5, na kila mara pimeni maji ya wingu kabla ya kupima joto.