Soko jipya: paa la kioo au madirisha ya pembeni?

Wadau, michoro mingi ya masoko na stendi inayosambazwa siku hizi ina paa la kioo katikati. Wanaoitetea wanasema mchana taa zinazimwa, LUKU haiishi haraka, na umeme ukikatika biashara inaendelea. Hapo tuko pamoja. Soko la giza mchana ni soko la wezi, na mteja anakagua samaki kwa tochi ya simu.

Ninachopinga ni kioo kulazwa juu ya paa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri linakuwa utosini, na miezi mingine haliendi mbali sana. Kioo kilicholala kinapokea jua kali kuliko lote la siku, na joto likishaingia linanasa humo ndani. London wanalihitaji joto hilo miezi mingi ya mwaka. Sisi la nini?

Ingieni saa saba mchana kwenye soko lililowekewa bati za plastiki za kupitisha mwanga. Muuza mchicha anavuta beseni lake kukwepa kipande cha jua kinachotembea sakafuni. Muuza vitenge ametundika magunia juu ya meza, nguo zisipauke. Yaani tumelipia mwanga, na wafanyabiashara wanauziba!

Beda Amuli alipobuni Soko la Kariakoo, lililofunguliwa 1975 na kuungua Julai 2021, aliweka miavuli mikubwa ya zege: kivuli juu, upepo na mwanga pembeni, na maji ya mvua yanakingwa na miavuli hiyohiyo.

Najua mtasema jengo likiwa pana sana mwanga wa pembeni haufiki katikati. Ni kweli. Basi sehemu ya katikati ya paa iinuliwe, vioo visimame wima vikitazama kaskazini na kusini chini ya upenu mrefu, dari ipakwe nyeupe, na yaachwe matundu ya kutolea hewa ya moto. Gharama ya kuinua paa ipo, siifichi.

Mnaotetea paa la kioo, hasa makandarasi na mnaosimamia masoko: vumbi likishalifunika, nani anapanda kulisafisha, na fedha hiyo iko kwenye bajeti ya nani?