Re: Kijana anaingia mwaka wa tatu wa uchumi, apange vipi masomo?

Kutoka: Mama mdogo, Columbus

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Mtoto wa dada yangu, aliyekuja kutoka Tanga kwa viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, anamaliza chuo cha jamii (community college, cha miaka miwili) na amepata nafasi chuo kikuu hapa Ohio kuendelea na mwaka wa tatu wa uchumi. Sasa anaambiwa achague: uchumi wa kawaida, au ule wenye ekonometria, yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu, na hesabu nyingi. Yeye anataka wa kawaida, hesabu zinamtisha. Dada yangu ameuza kiwanja kulipia ada hii, sitaki tubahatishe. Mliopita njia hiyo, tusaidieni kabla hajajisajili.

Kutoka: Kaka, Silver Spring

Dada, hongera kwa kumlea kijana. Kabla ya hesabu, mwambie aulize kitu kimoja: kila mkondo una namba gani ya CIP? Hiyo ndiyo namba ambayo serikali ya Marekani hutumia kupanga fani za masomo, na itaandikwa kwenye I-20 yake, ile fomu ya chuo inayothibitisha uanafunzi wake. Uchumi wa jumla ni 45.0601. Ekonometria na uchumi wa kiidadi ni 45.0603. Kwa watu wa uhamiaji namba hizi mbili zimeachana mbali, maana 45.0603 imo katika orodha ya fani za STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu) na 45.0601 haimo.

Mwanafunzi wa F-1 akihitimu anaweza kuomba OPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi ya fani yake kwa miezi 12. Mwenye digrii ya STEM anaweza kuomba nyongeza ya miezi 24, mradi mwajiri wake awe amejiunga na E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa ya kufanya kazi, na wajaze pamoja mpango wa mafunzo, fomu I-983. Jumla miezi 36. Familia imeuza kiwanja, dada. Mwaka mmoja wa mshahara au mitatu, hilo si jambo la kuamuliwa kwa woga wa hesabu.

Vipo vyuo vilivyohamishia digrii yao yote ya uchumi kwenye 45.0603, kwa hiyo huenda hata huo mkondo wa kawaida unayo namba hiyo. Asikisie kwa jina, aangalie namba. Na kwa kuwa sheria hizi hubadilishwa, jibu la mwisho alichukue ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake.

Halafu kuna mpangilio. Maikro (uchumi wa mtu na kampuni) na makro (uchumi wa nchi nzima) za utangulizi alizosoma chuo cha jamii kwa kawaida hupokelewa. Maikro ya kati na makro ya kati ndizo za mwaka wa tatu, na bila hizo hafunguliwi masomo mengi ya juu: uchumi wa ajira, biashara ya kimataifa, fedha za umma, uchumi wa maendeleo. Maikro ya kati mara nyingi hudai kalkulasi, ekonometria hudai takwimu. Akifika bila kalkulasi, muhula wa kwanza unapotea, na kwa kuwa baadhi ya masomo ya juu hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, muhula huo unaweza kumsukuma hadi mwaka wa tano. Ahakikishe chuo kikuu kitapokea kalkulasi na takwimu za chuo cha jamii, kisha azimalize zote mbili kiangazi hiki hapohapo chuo cha jamii, ambako ada ni nafuu.

Kutoka: Binti, Minneapolis

Shikamoo mama mdogo, shikamoo kaka. Mimi nimehitimu uchumi juzijuzi, na ekonometria ndiyo iliyonifanya niipende fani hii. Mwambie asiogope. Mwaka 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, jirani yake Pennsylvania haikupandisha. Wachumi David Card na Alan Krueger wakalinganisha ajira kwenye migahawa ya vyakula vya haraka pande zote mbili, kabla na baada, na hawakuona ajira ikipungua New Jersey. Hesabu yenyewe ni kutoa, kisha kutoa tena. Ugumu uko kwenye kueleza kwa nini ulinganisho huo uaminike, na hapo anatakiwa mtu wa kufikiri, si wa kukariri kanuni kama tulivyozoea kidato cha sita.

Kwa tasnifu ya mwaka wa nne, atazame data za kaya za Tanzania kwenye tovuti ya Benki ya Dunia, zinazoanzia 2008/09, hazilipiwi. Kijana wa Tanga anajua mkulima anauza mahindi lini na kwa nini. Wenzake darasani itabidi wakisome hicho. Programu ya R ya kuchambulia data nayo ni ya bure.

Kutoka: Mama mdogo, Columbus

Mungu awabariki. Na somo moja likimshinda katikati ya muhula, anaweza kuliacha?

Kutoka: Kaka, Silver Spring

Asiliache kabla ya kuongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Kwa F-1 wa digrii ya kwanza, krediti 12 ni lazima kila muhula wa kawaida, na katika hizo somo la mtandaoni linalohesabiwa ni moja tu. Akishuka chini bila idhini ya mapema, hadhi yake ya uanafunzi inavunjika, na hilo ni baya kuliko kupata C. Ajisajili krediti 15, ili likimlemea moja la krediti 3 abaki salama. Kazi ya chuoni wakati wa masomo mwisho ni saa 20 kwa wiki. Muhula wa maikro ya kati ningemwomba afanye 10. Akipata ratiba, itume hapa tuipitie pamoja kabla hajalipa.