Kubanwa na mkojo kwenye foleni ya Dar: tupeane uzoefu

Binti wa Rangi Tatu
Wakuu, habari za jioni. Yamenikuta jana, nikasema lazima niyalete hapa. Nimetoka kazini Posta saa kumi na moja na nusu, lile joto limenifanya nimalize chupa ya maji ya lita moja na nusu kabla ya kupanda gari la Mbagala. Kufika Mtoni kwa Azizi Ally, foleni haisogei. Mkojo ukanishika.

Nimekaa dirishani. Mama aliyesimama kaniambia "nishikie mwanangu", kaniwekea ndoo ya dagaa mapajani. Sasa hebu piga picha: ndoo inakandamiza tumbo, konda anasema tusogee nyuma kuna nafasi, na kila dereva akikanyaga breki naona nyota. Nikashuka Misheni, nikakimbilia duka la dawa, nikamwambia muuzaji, "Dada, niokoe." Akanionyesha choo cha wapangaji huko uani.

Ajabu ni kwamba zile hatua kumi za mwisho zilikuwa mbaya kuliko saa nzima niliyokaa kwenye gari. Kwa nini ukikaribia choo ndiyo inazidi? Aliyepitia na aje.

Jirani wa Tabata
Kwangu ni funguo. Nikiiona kufuli tu, mkono unatetemeka. Nimeshaaibika ngazini mara mbili. Sitaki maswali.

Mwalimu wa Bayolojia
Mnanikumbusha mwaka niliosimamia mtihani peke yangu chumbani, kwa saa tatu, chai ya maziwa vikombe viwili tumboni. Wanafunzi walidhani natembeatembea kuwakagua wasiibie. Nilikuwa najiokoa.

Binti, kibofu msikichukulie kama mfuko wa nailoni, ule ni msuli. Mkojo unashuka kidogo kidogo kutoka kwenye figo mbili, kila figo na mrija wake wa sentimita 25 hadi 30. Kibofu kikipata mililita 200 hivi, ubongo unaarifiwa, ila bado unaweza kuendelea na hadithi zako. Kikikaribia 400 au 500, hadithi zinakatika. Chini yake kuna milango miwili. Wa ndani hausikilizi amri yako kabisa. Wa nje ndio wako, ndio ule uliokuwa unaubana huku umeshika ndoo ya dagaa. Sasa ubongo umezoea tangu utotoni kwamba choo maana yake ruksa. Ukiuona mlango wa choo, au ukisikia maji yanamwagika, unaanza kulegeza kabla hujafika. Ndiyo funguo za jirani yetu wa Tabata hizo.

Konda wa Gongo la Mboto
Nyie abiria mnasema saa moja. Dereva wangu anashika usukani saa kumi na moja alfajiri, na dawa yake ilikuwa moja tu: hanywi maji. Kahawa kidogo, karanga, basi, mpaka mchana. Anasema akinywa atashuka, na akishuka trafiki wanakuja.

Siku hiyo tuko TAZARA, chini ya daraja la Mfugale, taa imetukamata. Nikaona anaachia gia, anajishika ubavu. Jasho linamtoka kama kamwagiwa ndoo. Maumivu yanatoka kiunoni yanashuka mpaka kinenani, yanamwachia dakika mbili, yanarudi. Abiria mmoja anasema ngiri, mwingine anasema huyo katupiwa kitu. Tukamwita deiwaka akachukua gari, mimi nikampakia mzee kwenye bajaji.

Kupigwa altrasaundi, jiwe. Milimita 4, limekwama kwenye mrija unaotoka kwenye figo. Akapewa dawa ya maumivu na akaambiwa maji, maji, maji, na akojolee kwenye kitambaa ili lisipotee. Siku ya tano likatoka. Analo mpaka leo kwenye kiberiti, anawaonyesha watu kijiweni. Ukiliangalia unaona kama chenga ya mchanga wa Kunduchi, ila ukilipitisha kidole linakwaruza.

Dada wa Maabara
Konda, yale maumivu ya kuja na kuondoka yana maana. Mrija ule si bomba la plastiki, una misuli inayosukuma mkojo kwa mawimbi hata ukilala chali. Ukikuta jiwe limeziba, unasukuma tu, mkojo unarudi kuitanua figo, na hapo mtu mzima analia. Na alivyokosa maji ndivyo alivyolitengeneza. Figo zinachuja kama lita 180 kwa siku, karibu zote zinarudi kwenye damu, kinachotoka ni lita moja na nusu hivi. Mwili ukiwa na kiu na jasho la Dar linakukausha, figo zinabana maji zaidi, mkojo unakuwa mzito rangi ya chai ya rangi, na kalsiamu na oksaleti zinakutana na kushikana. Mawe mengi ni hayo.

Kwa kuwa mmefungua mada, na mimi niseme kero yangu. Watu wa mji huu kila kitu UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Umechoka, UTI. Una homa, UTI. Halafu analeta mkojo kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, ukifungua unanusa tangawizi! Tunataka kikopo safi, na mkojo wa katikati: anza kuumwaga chooni, kisha kinga, halafu malizia chooni. Na ukitaka kujua hasa ni mdudu gani na dawa gani inamuua, inabidi tumwoteshe maabara, siku mbili hadi tatu. Wengi wanataka jibu kabla chapati haijapoa. Kina dada tunashikwa zaidi kwa sababu mrija wetu wa nje una sentimita 4 hivi tu, wa mwanamume ni kama 20. Safari ya bakteria kwetu ni fupi.

Mama Kijacho wa Kigamboni
Miezi minane. Mtoto kakikalia kibofu kama kiti cha mbele. Pantoni likichelewa Magogoni mimi narudi mjini kutafuta choo, nikirudi limeondoka. Jana nimelikosa mara mbili.

Mzee wa Tandika
Wanangu, mnalalamika unakuja. Mimi nina miaka 67, wangu ulikuwa hauji. Nasimama chooni mpaka mjukuu anagonga, "Babu, umelala?" Kinatoka kijitone, narudi kitandani, baada ya nusu saa naamka tena. Nilificha miaka mitatu, naona haya.

Usiku mmoja ukagoma kabisa. Tumbo la chini limekaza kama ngoma, siwezi kukaa, siwezi kulala. Hospitali yule kijana muuguzi akanipitishia mpira, ukajaa mfuko wa lita nzima na bado unatoka. Wallahi nilimshukuru kuliko aliyeniuzia kiwanja kisicho na mgogoro. Nikaelezwa ni tezi dume: imeuzunguka mrija hapo kwenye shingo ya kibofu, ikikua inaubana kama mtu aliyekanyaga mpira wa kumwagilia bustani. Si kila uvimbe wake ni saratani, wa kwangu haukuwa, nikafanyiwa upasuaji. Sasa mjukuu hagongi.

Jirani wa Tabata
Shikamoo mzee. Umenifanya nimpigie baba simu sasa hivi.

Mzee wa Tandika
Marahaba. Mwulize polepole, usimwulize mbele ya mama yako.

Kijana wa Kimara
Mbona basi lenye kiyoyozi linanibana kuliko daladala? Maji ni yale yale.

Mwalimu wa Bayolojia
Baridi inaisukuma damu kutoka kwenye ngozi kwenda ndani, mwili unahisi maji yamezidi, figo zinayamwaga. Kwenye daladala yanatokea kwapani.

Binti wa Rangi Tatu
Leo nimekunywa nusu chupa tu, Dada wa Maabara usinikaripie. Konda, choo cha uhakika Kilwa Road ni wapi?

Konda wa Gongo la Mboto
Huko si njia yangu, ila stendi ya Rangi Tatu kipo, mia tatu. Nenda na mia tatu kamili. Yule mama hana chenji, na atakubishia hapo mlangoni ukiwa umebana.