Kocha anasema binti yangu "ndiye Okutoyi wetu". Nimwamini au nishike pochi yangu?

MamaNeema_Dar

Habari za jioni wadau. Naomba msaada, na msinicheke maana tenisi mimi nilikuwa naiona tu nikihamisha chaneli. Binti yangu alianza kwa kumfuata kaka yake klabuni kuokota mipira. Kaka kaacha zamani, huyu ndiye hatoki uwanjani. Ana miaka 10.

Jumamosi kocha kaniita pembeni: "Mama, huyu ndiye Angella Okutoyi wetu." Nikaitikia kwa kichwa, huyo Okutoyi mwenyewe simjui. Hapo hapo kaleta hesabu: mazoezi ya peke yake siku tano kwa wiki, 350,000 kwa mwezi, raketi mpya, na ikiwezekana aache shule asomee nyumbani. Baba Neema kasema huo mchezo wa matajiri, hauzi kiwanja cha Chanika kwa ajili ya kimpira cha njano.

Anayemjua huyu Okutoyi anisimulie. Alitokea wapi, na nani alikuwa analipa?

Kibogoyo

Mpeleke netiboli mama. Mpira mmoja watoto kumi na wanne, gharama mnagawana.

FundiNyuzi

Dada MamaNeema, karibu. Mimi niko Nairobi, nafunga nyuzi za raketi, huu mwaka wa 22. Kabla ya hapo nilikuwa mwokota mipira. Kucheza kwetu sisi ilikuwa Jumatatu tu, viwanja vya udongo vikiwa vinamwagiwa maji na wenye klabu hawapo, na raketi zetu ni zile wanachama walizozipiga chini kwa hasira. Kwa hiyo kuhusu matajiri, mzee wako simbishii.

Sasa Angella. Amezaliwa Januari 2004, yeye na pacha wake, msichana pia. Mama yao alifariki akiwazaa. Nyanya yao ndiye aliyewalea, na kazi ya nyanya ilikuwa ya mikono, shuleni, hapa hapa Nairobi. Raketi ameishika akiwa na miaka minne hivi. Hapo ukiuliza nani alilipa, jibu ni kwamba hakuna aliyelipa yote. Kila ngazi ilikuwa na mlipaji wake. Mwanzoni ni uwanja wa karibu na jamaa wa kumrushia mipira. Kisha kituo cha Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, ITF, kilichokuwa Bujumbura, akaenda kule angali mtoto. Baadaye ndiyo akaingia kwenye timu za vijana ambazo ITF na mfuko wa mashindano makubwa manne, yale ya Grand Slam, huzisafirisha. Mpaka hapo nyanya angeuza nini? Hakuwa na kiwanja cha Chanika.

Januari 2022 akafika Melbourne, Australian Open ya vijana. Akamtoa Federica Urgesi wa Italia kwa seti tatu, akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya mmoja kwa mmoja kwenye Grand Slam ya vijana. Akaongeza nyingine, akamtoa Mwaustralia, Zara Larke.

Julai yake ndiyo sitaisahau. Wimbledon ya vijana, fainali ya wasichana wawili wawili, yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp dhidi ya Wakanada, Kayla Cross na Victoria Mboko. Nilikuwa na raketi ya mteja kwenye mashine, nyuzi za wima nimemaliza, za mlalo nimefika ya sita. Picha sikuwa nayo, ni tarakimu tu kwenye simu. Seti ya kwanza wakapoteza 3-6. Ya pili wakachukua 6-4. Ya tatu haichezwi nzima, ni kukimbilia pointi kumi na upite kwa mbili. Ikafika 9-9. Simu ikaganda. Wewe! Nimeshika uzi kwa mkono mmoja, kwa mwingine nagusa kioo, nagusa kioo. Ilipofunguka ikasema 11-9. Uzi ulikuwa umeshaniponyoka, raketi nzima nikaanza upya, na wala sikujali. Mkenya wa kwanza kuchukua taji la Grand Slam ya vijana.

Ila kocha wako akikutajia siku hiyo, muulize na baada ya siku hiyo. Mboko aliyefungwa pale alikuwa na miaka 15, Angella 18. Wazazi wa Mboko ni Wakongomani. Amekulia Kanada, kaka na dada zake wote wamecheza tenisi. Mwaka 2025 aliingia mashindano ya Montreal kwa nafasi ya mwaliko, akamtoa Coco Gauff, akamtoa Rybakina, nyota wa dunia hao, na fainali akampiga Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1. Na wetu? Machi 2024 kaleta dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra, ya kwanza kwa tenisi ya Kenya tangu Algiers 1978. Olimpiki ya Paris hakwenda. Kanuni ilitaka bingwa wa Afrika awe pia ndani ya 400 bora duniani, naye hakuwemo.

Si kwamba mkono umekufa. Pointi za dunia zinatafutwa kwenye vimashindano vya dola 15,000, na hizo ni zawadi za wote zikijumlishwa. Ukitolewa raundi ya kwanza unaondoka na chini ya dola 200. Nauli umelipa wewe, hoteli wewe, nyuzi wewe. Mtoto wa Kanada ana shirikisho nyuma yake miaka hiyo yote. Wetu akimaliza ujana ngazi inakatika, ndiyo maana Angella akachagua Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama. Kuna watu hapa walinuna, eti kakimbilia vitabu. Mimi niliona kapata mlipaji wa ngazi inayofuata.

MamaNeema_Dar

Kaka FundiNyuzi, Mungu akuweke. Nimemsomea Baba Neema, hapo kwa nyanya akanyamaza kidogo. Sasa hii ya chuo ikoje, si hadi umalize kidato cha sita? Na kocha anataka aache shule!

Mbongo_Georgia

Shikamoo mama. Mimi nimechezea chuo huku Marekani, daraja la pili, si mkubwa kama wenzangu. ASIACHE SHULE. Makocha wa huku wanaomba video yako na matokeo yako ya darasani kwa pamoja, moja likikosekana barua hujibiwi. Na kwa msichana njia ilikuwa pana: hadi juzi 2025 timu ya wanawake ya daraja la kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili wa watu 8, ya wanaume 4 na nusu. Nusu ya mtu, ndiyo, wanaugawa kama mkate.

Halafu afundishwe kucheza wawili wawili. Mechi ya chuo ina pointi 7: sita za mmoja mmoja, na moja inapatikana kwa michezo mitatu ya wawili wawili, inayochezwa mwanzo. Kocha akimwona mtoto anakaa vizuri kwenye neti, macho yanamtoka.

Kariakoo_ya_Buja

Salamu kutoka Bujumbura. Msitusahau kwenye hadithi. Kituo kile kilikuwa kwetu, na binti yetu Sada Nahimana, mzaliwa wa 2001, ametokea hapa hapa, akaenda Casablanca, Morocco, kufanya mazoezi, akawa mchezaji wa kulipwa. Mama, watoto wa kwenu tulikuwa tunawaona wakija Kanda ya Nne, mashindano ya vijana ya Afrika Mashariki. Neema akacheze hiyo, ni ya chini ya miaka 14 na 16, ndipo watu wa ITF wanapokaa na kalamu.

FundiNyuzi

Hapo Buja kasema. Dada, rudi kwa kocha na swali moja: Neema atacheza mashindano gani mwaka huu, lini, na nani atakuwepo kumtazama? Akiwa na majina na tarehe, mpe siku tatu kwa wiki uone. Akikurudishia "ana kipaji, ana kipaji", hiyo 350,000 inakwenda kwenye kodi ya nyumba yake.

Na raketi mpya asinunue kwanza. Nitumie picha ya hiyo aliyonayo, upande wa shina tuone namba, na kwenye nyuzi bonyeza kwa kidole gumba. Zikiwa ngumu kama waya wa kuanikia nguo, kuna mtu kamfungia za watu wazima, na mkono wa miaka 10 utaanza kuuma kwenye kiwiko kabla hajafika hiyo Kanda ya Nne.

MamaNeema_Dar

Nimebonyeza. Ni waya kabisa kaka. Na kweli wiki iliyopita alikuwa ananiambia nimpake Vicks kwenye kiwiko, nikadhani anakwepa kuosha vyombo. Picha nakutumia sasa hivi.