Raspberry Pi 4: habu yenye umeme wake, au diski moja kwa moja kwenye bodi?

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, nina Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) ninayotaka kuifanya hifadhi ndogo ya mafaili. Nina SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya USB, kibodi, kipanya na skrini ya zamani yenye tundu la VGA pekee. Je, nichomeke vyote kwenye bodi, au ninunue habu (kifaa cha kuongeza matundu ya USB) yenye chaja yake? Kwa upande wa skrini, nimeona adapta ya USB-C kwenda VGA na nyingine ya micro HDMI kwenda VGA; ipi inafaa?

Jibu la 1
Hiyo ya USB-C iondoe kwenye hesabu. Tundu la USB-C la Pi 4 huingiza umeme na kupitisha data ya USB 2.0, lakini picha haitoki hapo kabisa. Picha hutoka kwenye matundu mawili ya micro HDMI, na ukiwa na skrini moja tumia lile lililo jirani na tundu la umeme. Soma pakiti vizuri usije ukabeba mini HDMI, ambayo ni ya Pi Zero (bodi nyingine ndogo zaidi) na haiingii kwenye Pi 4. Tena adapta iwe na chipu ya kugeuza ishara, kwa kuwa HDMI ni ya dijitali ilhali VGA ni ya analogi. Waya mtupu wenye vichwa hivyo viwili utakuachia skrini nyeusi.

Jibu la 2
Mimi ningeanza na umeme, maana ndio unaosumbua wengi. Matundu yote manne ya USB ya Pi 4 hugawana ampea 1.2 kwa jumla, hata chaja yako iwe na nguvu kiasi gani. Kwa SSD moja, kibodi na kipanya, chaja ya volti 5 na ampea 3 kwa kawaida inatosha, na habu haina ulazima. Ukiongeza diski ya pili, au diski ya kuzunguka, hapo habu yenye chaja yake ni lazima. Chagua isiyorudisha umeme kwenye bodi kupitia waya wa USB, kwani nyingine huiacha bodi ikiwa nusu hai hata ukichomoa chaja yake. Diski ikiwa kazini, fungua dirisha la amri (terminal) kwenye Pi na uandike `vcgencmd get_throttled`: jibu la `0x0` ni salama, lakini `0x50005` linaonyesha kwamba volti imeshuka mno.

Jibu la 3
Nakubaliana na mwenzangu, ila habu haitibu kila ugonjwa. Baadhi ya adapta za SATA kwenda USB (za kuunganisha diski ya ndani ya kompyuta kwenye USB) hazielewani na mfumo wa UAS (njia ya haraka ya kupitisha data ya diski kwenye USB), na diski hukatika katikati ya kunakili ingawa umeme ni mzuri. Vilevile USB 3.0 huweza kuvuruga Wi-Fi ya 2.4 GHz, hasa waya ukiwa na kinga hafifu. Kwa hifadhi ya mafaili ningechomeka waya wa Ethernet, nao ni wa gigabiti moja.

Mwanzisha mada
Nimeelewa, nitaanza bila habu. Je, nikihamia Pi 5 baadaye, vifaa hivi vitatumika?

Jibu la 2
Adapta ya micro HDMI itatumika. Chaja ndiyo utakayobadilisha: Pi 5 ikiwa na chaja ya ampea 3 huyawekea matundu ya USB kikomo cha miliampea 600, na kikomo hicho hupanda hadi ampea 1.6 ukiwa na chaja ya volti 5 na ampea 5. Kama unategemea tundu la sauti la milimita 3.5, Pi 5 haina.