Betri mpya inaisha chaji gari likilala wikendi: chanzo ni nini?

Mkazi wa Kasarani:
Wanajukwaa, hamjambo. Gari langu dogo, lililoagizwa kutoka Japani, nikiliegesha Ijumaa jioni haliwaki Jumatatu asubuhi. Husikika mlio mdogo tu huku taa za dashibodi zikififia. Jirani akiniunganishia waya kutoka kwenye betri yake, linawaka papo hapo na kunipeleka Industrial Area wiki nzima bila shida. Betri ya awali ilikuwa imezeeka nikaibadilisha, lakini hii mpya ya 45 Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) ina dalili zile zile. Fundi ananishauri ninunue alternata nyingine, yaani kile kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka. Nitajuaje kwamba ndiyo yenye kasoro kabla sijatoa pesa?

Fundi wa Grogan:
Pole, ndugu. Usinunue bado, maana alternata iliyokufa ingekuacha njiani katikati ya wiki. Tafuta mita ya umeme. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6, na ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Washa injini upime tena: katika magari mengi, ukipata kati ya volti 13.8 na 14.5, alternata inachaji.

Ninachoshuku mimi ni umeme unaovuja gari likiwa limezimwa. Fungua waya wa hasi, uiunganishe mita kati ya waya huo na terminali ya hasi ya betri, ikiwa kwenye kipimo cha ampea 10, kisha ufunge milango na kusubiri hadi saa nzima ili kompyuta za gari zilale. Tafadhali usijaribu kuwasha gari mita ikiwa hapo, kwani fyuzi yake itaungua. Kwa kawaida uvujaji hauzidi miliampea 50. Ukiona 400, basi kuanzia Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi umepoteza 24 Ah, zaidi ya nusu ya betri yako, nayo betri ya gari linalokaa kwenye foleni ya Thika Road taa na feni zikiwaka huenda haikuwa imejaa hata hiyo Ijumaa. Hapo chomoa fyuzi moja baada ya nyingine hadi kipimo kishuke.

Dereva wa Embakasi:
Zikichomolewa zote na kipimo kisishuke, fungua waya mnene wa alternata. Diodi zake, vipande vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, zikiharibika huvujisha umeme hata kama alternata inachaji, kwa hiyo yule fundi hajakosea moja kwa moja.

Mkazi wa Kasarani:
Asanteni sana. Injini ikiwaka napata volti 14.1. Uvujaji ni miliampea 380, na fyuzi ya redio ikitoka unashuka hadi 30. Hata hivyo, kifaa cha kufuatilia gari alichofunga mkopeshaji kinatumia fyuzi hiyo hiyo. Nikikate?

Fundi wa Grogan:
Usikikate, kwa sababu huenda ukavunja mkataba wa mkopo. Rudisha fyuzi, chomoa plagi ya redio peke yake, upime. Uvujaji ukibaki juu, mwite aliyekifunga akipime mbele yako. Wakati huo huo ipeleke betri ikachajiwe kwa chaja hadi ijae. Ikikaa bila chaji, salfeti hugandamana kwenye bamba zake za risasi na uwezo uliopotea haurudi wote.