Naomba ushauri: mbwa wangu ananuka hata baada ya kuogeshwa

Mama wa Shangani, Mtwara

Habari zenu ndugu zangu wafugaji, na shikamoni wote mlionizidi umri. Ninaye mbwa dume wa miaka sita, chotara mwenye manyoya ya wastani na masikio marefu yanayoning'inia, ambaye tulimleta nyumbani akiwa mdogo kiasi cha kutosha ndani ya kapu. Tangu mvua zilipoanza mwezi Desemba amekuwa akitoa harufu nzito, mfano wa mafuta ya kupikia yaliyochacha, na kila ninapomwogesha harufu hiyo hupungua kwa siku moja au mbili, kisha hurudi ikiwa kali kuliko ilivyokuwa.

Mwanzoni nilimwogesha mara moja kwa wiki kwa sabuni ya mche. Nilipoona haisaidii nikahamia sabuni ya unga, na sasa ninamwogesha kila baada ya siku mbili. Kijana wangu humpeleka ufukweni jioni ili ajisuuze kwa maji ya bahari, kwa sababu tumesikia kwamba chumvi huua wadudu wa ngozi. Nimebadilisha gunia analolalia, nimeondoa mchanga wa bandani na kuweka mwingine, na harufu iko pale pale. Chakula chake ni ugali wa dona na vichwa vya samaki ninavyonunua kwa wavuvi, navyo huvichemsha kwanza.

Jambo limekuwa la haraka kwa sababu mama mkwe wangu anakuja kutoka Newala mwishoni mwa mwezi kwa matibabu ya macho, naye atakaa kwetu. Ni mtu wa swala tano, ua wetu ni mdogo, na dirisha la chumba chake linaelekea bandani. Siwezi kumlaumu akisema kwamba hawezi kuvumilia, kwa kuwa hata mimi siku nyingine ninashindwa kula nikiwa nimekaa barazani. Mume wangu amesema huenda mbwa akapelekwa shambani, lakini ninajua kwamba kule hakuna mtu wa kumpa maji wala kumtazama, na mbwa huyu ndiye aliyetuamsha usiku ule wezi walipokuwa wamekwisha kukata wavu wa dirisha la watoto. Ninampenda na sitaki kumtupa kwa ugonjwa ambao pengine unatibika.

Jirani mmoja amenishauri nimpake oili chafu iliyochanganywa na salfa ya mikorosho. Nimeogopa kufanya hivyo kabla ya kuuliza.

Mfugaji wa Mikindani

Pole sana dada. Kabla hatujakushauri, tafadhali tueleze mambo machache: je, anajikuna au kutikisa kichwa mara kwa mara? Anaburuza makalio chini? Na je, harufu hiyo inatoka mwili mzima, au ukimnusa sehemu moja moja unaona tofauti?

Mama wa Shangani, Mtwara

Ahsante kaka. Nimemkagua asubuhi hii, na ninaona aibu kwamba sikuwahi kufanya hivyo kwa utulivu. Anatikisa kichwa sana na kujikuna makwapani. Ndani ya masikio kuna nta nyeusi inayonuka, hasa sikio la kushoto, na nilipoligusa alilia. Makwapani na katikati ya mapaja ngozi imekuwa nyeusi, nene na yenye mafuta, manyoya yamepungua, na hapo ndipo ile harufu ya kuchacha ilipo kali zaidi. Haburuzi makalio. Mdomo wake unanuka kiasi, na magego yake yana ugaga wa njano.

Mtaalamu wa Mifugo, Masasi

Mama, nakushukuru kwa maelezo hayo, kwa sababu yanatufikisha mbali zaidi kuliko kutaja neno "harufu" peke yake. Mbwa mzima wa afya ana harufu yake ndogo ya kawaida, lakini harufu inayorudi siku mbili baada ya kuoga mara nyingi ina mahali maalumu inapotengenezwa, na sabuni huiosha ile iliyokwisha kutoka bila kugusa chanzo. Vyanzo tunavyokutana navyo zaidi ni kinywa, masikio, ngozi, na vifuko viwili vidogo vilivyo pembeni mwa njia ya haja kubwa.

Kwa jinsi ulivyoeleza, ninashuku fangasi jamii ya hamira, ambao kwa kawaida huishi kwenye ngozi na masikio ya mbwa kwa idadi ndogo bila kumdhuru. Ngozi inapokaa na unyevunyevu, inapotoa mafuta mengi au inapowashwa na jambo jingine, fangasi hao huzaliana kupita kiasi, na matokeo yake ndiyo hayo: ngozi nyeusi iliyonenepa, mafuta, mwasho, na harufu ya kitu kilichochacha. Hali ya hewa ya pwani yetu kuanzia Desemba hadi Aprili inawapendelea sana, na masikio yanayoning'inia hayapitishi hewa, tena njia ya sikio la mbwa hushuka chini kisha hukunja kona kuelekea ndani, hivyo maji yakiingia huchelewa kukauka. Kwa sababu hiyo naomba kijana asimpeleke tena baharini kwa sasa. Chumvi inayobaki kwenye manyoya huikausha ngozi iliyokwisha kuumia, na maji yanayobaki masikioni yanawastawisha fangasi wale wale mnaopigana nao.

Sabuni ya unga nayo iache leo. Imetengenezwa kwa ajili ya nguo, nayo huondoa kinga ya ngozi na kuongeza mwasho, kisha mbwa akijikuna bakteria nao hupata mlango. Huu si uzembe wako. Wengi hufikiri kwamba mnyama akinuka dawa yake ni kuoshwa zaidi.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hujaweka chochote sikioni. Ninasisitiza hili kwa sababu kiwambo cha sikio kikiwa kimetoboka, baadhi ya dawa za matone zinaweza kumfanya mbwa awe kiziwi, na kuligusa akalia ni dalili kwamba kuna uvimbe ndani. Usitumie vijiti vya pamba, maana husukuma uchafu chini. Mwombe daktari achukue sampuli ya nta na ya ngozi, kwa kubandika utepe wa gundi au kipande cha kioo, ili itazamwe kwa hadubini. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo hapo Mtwara, kwa hiyo daktari akihitaji vipimo zaidi hutalazimika kufikiria Dar es Salaam.

Ikithibitika kuwa ni fangasi, mara nyingi hutumika shampuu ya mbwa yenye klorheksidini na mikonazoli, mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki tatu au zaidi. Watu wengi hukosea hapa: huipaka na kuisuuza papo hapo. Povu linapaswa kukaa mwilini dakika 10, ukiwa umemshika kivulini, ndipo lisuuzwe vizuri na mbwa akaushwe kwa taulo, hasa makwapani na katikati ya vidole. Pia daktari atafute kilichoanzisha yote haya, kwa kuwa fangasi hawa kwa kawaida hufuata tatizo jingine, kama vile mzio wa viroboto, ukurutu au mzio wa chakula, na tatizo hilo likiachwa harufu itarudi baada ya shampuu kwisha.

Mkulima wa Tandahimba

Kwa heshima zote, mtaalamu, sisi tumewapaka mbwa wetu oili na salfa tangu enzi za wazee, na upele ulikuwa unakauka. Si kila mtu ana fedha za daktari.

Mtaalamu wa Mifugo, Masasi

Mzee wangu, ninakuelewa, na ni kweli kwamba salfa imo katika baadhi ya dawa za ngozi za wanyama, ila humo imepimwa na kuandaliwa kwa ajili ya ngozi. Salfa ya unga tunayopulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga huwasha macho, ngozi na njia ya hewa, na ndiyo sababu hata mpuliziaji anatakiwa kujifunika pua na mdomo. Oili chafu ina masizi na madini yaliyotokana na injini, na mbwa hawezi kuzuiwa kuramba mwili wake usiku kucha. Upele unaweza kuonekana umekauka huku tumbo na ini la mnyama vikipokea sumu. Kama fedha ni tatizo, kumwona afisa mifugo wa kata mapema ni nafuu kuliko kununua kopo moja baada ya jingine kwa kubahatisha.

Mkazi wa Lindi Mjini

Ningependa kuongeza kwa wengine watakaosoma hapa. Wa kwangu alikuwa akinuka shombo ya samaki, na nyumba nzima tulilaumu dagaa tunaompa. Tuliwaacha dagaa mwezi mzima bila mafanikio. Kumbe vile vifuko vya nyuma vilikuwa vimejaa, na dalili ilikuwa kuburuza makalio sakafuni. Daktari alivikamua na shombo ikaisha siku ile ile. Msijaribu wenyewe bila kuelekezwa, kwa kuwa vikiwa na usaha vinaweza kupasuka.

Mama wa Shangani, Mtwara

Ndugu zangu, zimepita siku 19 na nimeona ni wajibu wangu kurudi. Tulikwenda kwa daktari wa mifugo siku ya pili yake. Sampuli zilionyesha fangasi wengi masikioni na kwenye ngozi, na viwambo vya masikio vilikuwa vizima, kwa hiyo akatupatia matone. Alipochana manyoya juu ya mkia alipata punje nyeusi, akaziweka kwenye karatasi nyeupe iliyoloweshwa, zikatoa rangi nyekundu ya kahawia, akatueleza kwamba ni kinyesi cha viroboto chenye damu. Sikuwa nimeona hata kiroboto mmoja. Tumempa dawa ya viroboto, gunia tumelichoma, na banda tumelisafisha hadi kwenye nyufa.

Shampuu tumeitumia mara tano, na dakika 10 ninazihesabu kwa saa ya simu huku kijana amemshika. Baada ya mara ya tatu ile harufu ya kuchacha ilipungua sana, na sasa lazima nimsogelee kabisa ndipo niisikie. Ngozi ya makwapani bado ni nyeusi ila imeanza kulainika. Mama mkwe amefika tangu Jumamosi, dirisha lake analifungua asubuhi, na hajalalamika. Mume wangu naye hajalitaja tena shamba.

Kuhusu meno, daktari amesema ugaga huo utahitaji kusafishwa mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, jambo ambalo tutalifanya ngozi ikishapona. Jumatatu tunarudi aliangalie sikio la kushoto, ambalo bado linatoa nta kidogo.